Mkate wa mayai kwa roli za mdalasini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vipimo vyote hapa ni vya roli 6 za ukubwa wa kawaida, yaani upana wa sentimita 8 hadi 9 na kimo cha sentimita 4 hadi 5, zinazotosha watu wazima sita. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Hiki ni chakula gani hasa?

Ni tosti ya Kifaransa, ile ambayo nyumba nyingi za Afrika Mashariki huiita mkate wa mayai tu. Tofauti ni kwamba badala ya slesi za mkate mweupe unatumia roli za mdalasini: unga laini wa hamira uliosukumwa, ukapakwa siagi, sukari na mdalasini, ukakunjwa kama mkeka, ukakatwa na kuokwa. Wafaransa huita tosti hii *pain perdu*, maana yake mkate uliopotea, kwa sababu ilianza kama njia ya kuokoa mkate uliokauka. Na hapa nia ni hiyohiyo: roli za jana ambazo hazivutii tena kuliwa zilivyo.

2. Inaliwa wakati gani?

Ni ya chai ya saa nne, siku ambayo hakuna anayekimbilia kazini: staftahi imecheleweshwa na chakula cha mchana kimesogezwa mbele. Ni tamu na inashibisha. Roli moja, yaani vipande viwili, inamtosha mtu mzima. Kwa mtoto, kipande kimoja na tunda pembeni.

3. Nimezoea mkate wa mayai wa slesi. Kwa nini nisifanye vilevile?

Kwa sababu roli si mkate wa slesi, na karibu kila kinachoharibika kwenye chakula hiki kinaanzia hapo.

Kwanza, roli ina sukari nyingi katikati ya mikunjo. Ukiikata, sukari hiyo inagusa kikaango moja kwa moja na inaungua haraka kuliko yai. Pili, sukari huchelewesha yai kuganda, kwa hiyo ndani huhitaji muda mrefu kuliko slesi. Tatu, unga wake una siagi na mara nyingi mayai, hivyo tayari ni mlaini. Ukiulowesha kama mkate mkavu unameguka mkononi. Jumlisha hayo matatu: moto uwe mdogo, mchanganyiko uwe na mayai mengi kuliko unavyozoea, na sukari usiongeze.

4. Nipe njia nzima kwa mkupuo mmoja.

Unahitaji: roli 6 za jana, mayai 4, maziwa mililita 200, chumvi robo kijiko cha chai, vanila kijiko 1 cha chai, samli au siagi ya maziwa vijiko 2 vya chakula pamoja na mafuta ya kupikia kijiko 1.

1. Kwangua aising, ile sukari nyeupe iliyopakwa juu, kama ipo (swali la 7). Pasua kila roli katikati kwa ulalo, upate duara mbili (swali la 6).
2. Piga mayai na chumvi mpaka yasiwe na ute unaoning'inia kwenye uma. Tia maziwa na vanila, piga tena, chuja kwenye bakuli pana lenye kina kifupi.
3. Weka kikaango kwenye moto wa chini kidogo ya wastani. Tia nusu ya samli na nusu ya mafuta.
4. Chovya vipande vitatu au vinne, sekunde 20 kila upande. Viinue, viache vichuruzike kidogo.
5. Kaanga dakika 3 hadi 4 upande uliokatwa ukiwa chini. Geuza, funika kikaango dakika 2, funua, malizia dakika 1 hadi 2.
6. Bonyeza katikati kwa kidole: kiinuke kama sponji. Kikibaki kimebonyea au kikitoa majimaji, bado.
7. Weka kwenye wavu, si kwenye sahani. Futa kikaango kwa karatasi kavu, tia mafuta mengine, endelea.

Hatua ya kufuta kikaango ndiyo wengi huiruka. Matone ya sukari yaliyobaki kutoka awamu ya kwanza yakiachwa yatakuwa meusi na machungu, na uchungu huo utahamia kwenye vipande vinavyofuata.

## Kuchagua na kukata roli

5. Roli ziwe mpya au za jana?

Za jana, au hata za juzi kama zilifunikwa vizuri. Roli inapokaa, wanga uliopikwa hujipanga upya na kuwa mgumu, na unyevu hupungua. Ndiyo maana hunyonya yai bila kusambaratika. Jambo hili hutokea haraka zaidi kwenye friji kuliko mezani. Kwa mkate wa kula mkavu hiyo ni hasara, ila hapa ndiyo faida: ziweke kwenye friji usiku mzima, na asubuhi zitakatika bila kupondeka.

Kama ni za leo na huna subira, zikate, zipange kwenye treya, ziingize kwenye oveni ya nyuzi 150 kwa dakika 5, geuza, dakika 5 nyingine. Ziache zipoe kabisa kabla ya kuchovya. Roli yenye ukungu haiokoki. Kukata sehemu iliyoota hakutoshi, itupe.

6. Nikate vipi? Zangu hufunguka kama mkanda.

Kata kwa ulalo, kama unavyopasua skonzi ya kutia nyama, kwa kisu chenye meno, ukikivuta mbele na nyuma bila kukandamiza. Utapata duara mbili zenye mzunguko wa konokono, na kila mkunjo unashikwa na jirani yake. Ukikata kwa wima unapata vipande vya tabaka zilizosimama bila kitu cha kuzishika, na zikilowa zinaachana.

Unene uwe sentimita 2 hadi 2.5. Chini ya hapo kipande huvunjika kikigeuzwa. Juu ya hapo katikati hubaki kibichi. Ncha ya nje ya mzunguko, ule mkia, ndiyo hulegea kwanza. Choma kijiti cha meno kutoka ubavuni kuelekea katikati, na ukitoe kabla ya kupakua. Vihesabu vijiti unapovitia na unapovitoa, hasa kama kuna watoto mezani.

7. Aising niitoe au niiache?

Itoe. Aising ni sukari laini, mara nyingi pamoja na jibini la krimu, na kwenye kikaango inayeyuka, inanata, kisha inaungua kabla yai halijashika. Roli ikiwa baridi, aising hutoka kama ganda ukiikwangua kwa mgongo wa kisu. Usiitupe: ichanganye na kijiko kimoja au viwili vya maziwa ya uvuguvugu, uimwagie juu wakati wa kula.

Roli za mtindo wa Kisweden hazina tatizo hili. Wasweden, ambao tangu 1999 wana siku maalumu ya roli za mdalasini kila tarehe 4 Oktoba, hutia iliki kwenye unga na kunyunyizia chenga za sukari juu badala ya aising. Kwa mkate wa mayai tunazipendelea hizo, na iliki yake itawakumbusha maandazi wasomaji wengi wa pwani.

8. Za madukani ni kubwa sana, kama za Cinnabon, ile mikahawa ya Kimarekani ya roli za mdalasini. Zinafaa?

Zinafaa, lakini zikate duara tatu badala ya mbili na uondoe aising yote. Zina sukari nyingi chini kuliko za nyumbani, kwa hiyo duara la chini likaange mwisho, peke yake, upande wenye sukari ukiwa juu muda mwingi.

## Mchanganyiko wa mayai

9. Nitie sukari kiasi gani?

Usitie. Sukari iliyo ndani ya roli inatosha, na ile ya kwenye mchanganyiko huishia kwenye kikaango na kuungua. Kinachohitajika ni chumvi: robo kijiko cha chai haifanyi chakula kuwa cha chumvi, bali hukata ule utamu mzito unaochosha baada ya matonge mawili.

10. Niongeze mdalasini? Wangu huelea juu na kushikana.

Mdalasini wa unga haupendi maji. Huelea, hujikusanya, na kipande cha kwanza kuchovywa hubeba wote huku vya mwisho vikikosa. Ukitaka kuongeza, nusu kijiko cha chai inatosha: uvuruge kwanza na vanila au na kijiko kimoja cha samli iliyoyeyuka mpaka uwe uji mzito, kisha utie mayai kidogokidogo. Koroga tena kabla ya kila kipande.

Aina nayo ina maana. Mdalasini wa Zanzibar una magamba membamba yaliyojikunja tabaka juu ya tabaka, na harufu yake ni ya upole. Ule mwingine, kasia, una gamba moja nene na gumu, ladha yake ni kali na ya moto, na ndio uliomo kwenye roli nyingi za Kimarekani. Ndani ya roli kali tia ule wa upole, vitapatana.

11. Nifanye nini na shombo la yai na vile vijinyuzi vyeupe?

Ni matatizo mawili yanayokuja pamoja. Vijinyuzi ni ute ambao haukuchanganyika. Hunasa kwenye uso wa roli na kuganda kama vipande vya yai la kuchemsha. Piga mayai na chumvi peke yake kwanza, ndipo maziwa yaingie, kisha chuja. Ukiyatia yote pamoja, ute huteleza ndani ya maziwa na haupigiki.

Shombo huzidi yai likipikwa kupita kiasi. Moto mdogo ni nusu ya dawa. Nusu ya pili ni ganda la juu la chungwa au ndimu, likiparuliwa robo kijiko cha chai, sehemu ya rangi tu. Ile nyeupe chini yake ni chungu.

12. Niloweshe kwa muda gani?

Roli ya leo, sekunde 10 kila upande. Ya jana, sekunde 20. Iliyokaushwa kwenye oveni au ya juzi, hadi dakika 1. Lakini mkono ni saa nzuri zaidi: inua kipande kwa vidole viwili ukingoni. Kikipinda kidogo na kubaki kizima, kimepata. Kikining'inia kama kitambaa kilicholowa, kimezidi. Kilaze kwenye wavu dakika tano kabla ya kukikaanga.

## Kikaango na moto

13. Siagi, samli au mafuta?

Samli ndiyo bora. Siagi ya maziwa ina ladha nzuri lakini ina chembe za maziwa zinazoungua kabla roli haijaiva, ndiyo maana huchanganywa na mafuta. Angalia pia unachokiita siagi: vingi vinavyouzwa kwa jina hilo ni majarini, na vile vya kupaka vina maji mengi, huruka na kufanya uso wa roli uchemke badala ya kukaangika.

Kikaango kisichonata kinafaa kuliko kingine chochote. Cha chuma kizito ni kizuri kikiwa kimezoeshwa mafuta. Sufuria ya alumini itang'ang'ania sukari, na utapakua roli nusu.

14. Nitajuaje kuwa moto umefaa? Natumia mkaa.

Samli iyeyuke na kutulia bila kutoa moshi. Tia kona ya kipande: kiseme kwa sauti ndogo. Kikipiga kelele, moto ni mkubwa.

Kwa mkaa, usianze mpaka makaa yamevaa majivu meupe. Kisha yasukume pembeni uache katikati wazi, na kikaango kikae juu ya uwazi huo. Kila awamu ikiisha kiondoe jikoni unapokifuta, maana kikaango kitupu juu ya mkaa hupata moto mkali ndani ya dakika moja.

## Mambo yanayoharibika

15. Nje nyeusi, ndani mbichi.

Moto mkubwa, au kipande kinene (swali la 6), au vyote. Kukiokoa: kihamishie kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 6 hadi 8. Bila oveni, tia kijiko kimoja cha maji ukingoni mwa kikaango, funika dakika 2 kwenye moto mdogo kabisa, mvuke utaivisha katikati. Mwenye kipimajoto cha chakula achome katikati: nyuzi 71 za Selsiasi ndicho kiwango salama kwa vyakula vya mayai. Rangi nyeusi haitoki, lakini unaweza kuipasua kwa kisu na kuitoa kama ngozi.

16. Imeiva lakini ni nzito na imelowa.

Ama ililoweshwa kupita kiasi (swali la 12), ama maziwa yalizidi mayai. Yai moja kwa mililita 50 za maziwa ndiyo mizani yetu kwa roli. Kosa la tatu ni kupanga vipande juu ya sahani, kimoja juu ya kingine: mvuke unakosa pa kutokea na unarudi ndani.

## Wenye masharti ya chakula

17. Bila mayai inawezekana?

Ndiyo, kwa unga wa kastadi. Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, aliubuni mwaka 1837 kwa ajili ya mke wake ambaye mayai yalimdhuru, na aina ya kawaida mpaka leo ni wanga wa mahindi, rangi na harufu ya vanila, bila yai. Soma pakiti hata hivyo. Piga vijiko 3 vya chakula vya unga huo na maziwa baridi mililita 350, usiupike. Koroga kabla ya kila kipande kwa sababu wanga hutuama chini. Ukigusa kikaango hushika na kuwa na rangi ya dhahabu. Kumbuka kuwa roli zenyewe huenda zina mayai. Kwa mwenye mzio, uliza zilikotoka.

18. Naweza kutumia tui la nazi?

Tui zito badala ya maziwa, kipimo kilekile, pamoja na iliki robo kijiko cha chai badala ya vanila. Hili si la kufidia upungufu. Ni zuri lenyewe. Tui la kopo likiwa limejitenga, litikise au lipashe kidogo kwanza.

19. Vanila ya maji ina pombe?

Ile ya asili hutengenezwa kwa kuloweka maganda ya vanila ndani ya pombe, ndiyo. Asiyeitumia achukue vanila ya unga, mbegu za ganda la vanila, au iliki.

## Wageni, mabaki na mengine

20. Nina wageni kumi na wawili. Nitakaanga mpaka lini?

Usikaange, oka. Kata roli 12 vipande vya sentimita 3, panga kwenye treya ya sentimita 23 kwa 33 iliyopakwa siagi. Mwagia mayai 8, maziwa mililita 400, chumvi nusu kijiko na vanila vijiko 2 vya chai. Bonyeza kwa kiganja ili vipande vya juu vinywe. Funika, weka kwenye friji angalau nusu saa au usiku mzima, kisha oka kwa nyuzi 180, dakika 35 hadi 45. Katikati isitikisike kama uji. Juu ikiwahi kuiva, funika kwa foili.

Huna oveni? Fanya nusu ya kipimo kwenye sufuria nzito na upalie moto: makaa machache chini, mengi zaidi juu ya mfuniko, kama unavyopalia wali. Chungulia baada ya dakika 25.

Mchanganyiko wenye mayai mabichi usikeshe mezani, hasa kwenye joto la pwani. Kama umeme unakatika kwako usiku, lowesha asubuhi.

21. Mabaki yakae muda gani?

Yaingie kwenye friji ndani ya saa 2, au saa 1 siku ya joto linalozidi nyuzi 32. Siku 3 hadi 4 yanatosha. Kwenye friza, yatenganishe kwa karatasi ya kuokea, yatakaa mwezi hadi miwili. Pasha kwenye oveni ya nyuzi 175 kwa dakika 8, au kwenye kikaango kikavu kilichofunikwa. Maikrowevu huzifanya ziwe kama mpira.

22. Ziliwe na nini?

Kitu kichachu. Pasheni nne, kijiko kimoja cha sukari, chemsha dakika 3, mimina juu. Embe bichi kidogo likikatwa vipande vyembamba, machungwa, au mtindi mzito usio na sukari, vyote vinafanya kazi. Asali juu ya roli ni utamu juu ya utamu, na mtoto asiyefikisha mwaka mmoja haruhusiwi asali kabisa. Kinywaji ni kahawa chungu au chai ya tangawizi isiyo na sukari.

23. Njia hii inafaa kwa maandazi ya jana?

Inafaa ukibadilisha mambo mawili. Andazi limeshakaangwa, lina mafuta yake, kwa hiyo kikaango kipakwe tu kwa kitambaa chenye samli. Na kwa kuwa ndani lina uwazi, lipasue kwanza, lichovye sekunde 15 upande wa ndani na sekunde 5 tu upande wa ngozi, ambao haunyonyi. Anza kukaanga upande wa ndani. Andazi halina sukari ya kwenye mikunjo, hivyo kijiko kimoja cha sukari kwenye mchanganyiko hakitaleta madhara.

24. Na roli mbichi, ambazo hazijaokwa?

Hapana kwa kikaango: unga mbichi ukilowa hauumuki vizuri wala hauivi ndani. Zioke kwanza, zilale usiku mmoja, kisha urudi swali la 4.